Nyuki walioachwa bila dawa

Mnamo mwaka 1997 Afrika Kusini iligundua kwamba imeingiliwa na mgeni asiyealikwa. Katika jimbo la Western Cape, ndani ya mizinga ya nyuki, alionekana mdudu mwekundu, bapa kama kaa, mwenye upana wa milimita moja na nusu hivi. Jina lake ni Varroa, aina ya utitiri unaomng'ang'ania nyuki na kumnyonya angali hai. Kwa wakati huo mdudu huyo alikuwa amekwisha kuteketeza makundi mengi ya nyuki Ulaya na Marekani, na huko wafugaji walikuwa wamekimbilia dawa.

Afrika Kusini ilifuata njia nyingine. Sehemu kubwa ya nyuki wake, wa porini na wa kufugwa, waliachwa bila kutibiwa. Wengi walikufa. Lakini baada ya miaka michache vifo vilipungua, na nyuki waliosalia wakaendelea kuishi pamoja na adui yao. Tangu hapo limekuwapo swali linalowagusa wafugaji kuanzia New York hadi Tabora: je, dawa humwokoa nyuki, au humchelewesha asijiokoe mwenyewe?

Kutoka Java hadi Ulaya

Asili ya utitiri huo si Ulaya wala Afrika. Ulianzia Asia, kwa nyuki mwenye jina la kisayansi la Apis cerana. Mwaka 1904 mtaalamu wa Kiholanzi, Anthonie Cornelis Oudemans, aliueleza kwa mara ya kwanza kutokana na vielelezo vilivyopatikana katika kisiwa cha Java. Aliupa jina la Varro, mwanachuoni wa Roma ya kale aliyeandika kuhusu ufugaji wa nyuki. Kwa miaka mingi haukumshughulisha mtu isipokuwa wanasayansi, kwani nyuki wa Asia walikwisha kuzoeana nao. Kwao huzaliana katika vyumba vya majana madume tu, majana wakiwa ndio watoto wa nyuki walio bado ndani ya masega, na nyuki vibarua huusaka na kuutupa nje.

Mambo yalibadilika katikati ya karne ya 20. Wahamiaji walikuwa wamewapeleka nyuki wa Ulaya, Apis mellifera, hadi mashariki ya mbali ya Urusi na nchi za jirani, na huko nyuki hao wakakaa karibu na wale wa Asia. Utitiri ukahamia kwa mwenyeji mpya, ambaye hakuwa na kinga. Jike huingia katika chumba cha sega kabla hakijazibwa kwa nta, hutaga mayai yake humo, na watoto wake hukua kwa kumnyonya jana. Pamoja na kunyonya, huambukiza virusi, hasa vile vinavyokunja mabawa ya nyuki hata asiweze kuruka. Kundi lenye nyuki makumi ya maelfu linaweza kwisha katika muda wa miaka miwili au mitatu.

Kutoka huko utitiri ulisafiri na binadamu, pamoja na malkia na mizinga iliyouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine. Ujerumani iliupata mwaka 1977, Marekani mwaka 1987, na Uingereza mwaka 1992 katika eneo la Devon. Mwaka 2000 Denis Anderson na John Trueman walionyesha kuwa utitiri uliosambaa duniani ni aina tofauti na ule ulioelezwa na Oudemans. Wakaupa jina linaloustahili: Varroa destructor, yaani mharibifu.

Dawa na gharama zake

Ili kuelewa kwa nini dawa ilikubalika upesi, inafaa kurejea nyuma hadi mwaka 1852. Mwaka huo mchungaji wa kanisa nchini Marekani, Lorenzo Langstroth, alipata hataza ya mzinga wenye fremu zinazoweza kutolewa na kurudishwa bila kuvunja masega. Kabla ya hapo nyuki walikaa katika vikapu vya majani makavu au magogo yaliyochongwa, na yaliyotendeka ndani yalikuwa siri yao. Fremu ilimfungulia binadamu mlango. Aliweza kukagua masega, kubadilisha malkia, kuzuia kundi lisigawanyike, na kupandanisha masanduku ili asali iongezeke. Ufugaji wa nyuki ukawa biashara kubwa.

Varroa ilipofika, mlango huo huo ulipitisha dawa. Wafugaji waliweka katikati ya fremu vipande vya plastiki vilivyotiwa fluvalineti, sumu inayoua utitiri na kumwacha nyuki akiwa hai. Mwanzoni matokeo yalikuwa mazuri. Lakini katika miaka ya mwanzo ya 1990, huko Italia, ulionekana utitiri usiodhurika na sumu hiyo. Kabla muongo huo haujaisha habari kama hizo zilitoka Marekani, na mwaka 2001 zikatoka Uingereza. Marekani ikageukia dawa nyingine, kumafosi, na haikuchukua miaka mingi nayo ikaanza kushindwa.

Sumu hizo hazikwenda mbali. Nta huzifyonza na kuzihifadhi, na nta hutumika tena mwaka hadi mwaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliopima sampuli kutoka Marekani na sehemu ya Kanada, ulikuta fluvalineti na kumafosi katika asilimia 98 ya sampuli za nta. Nyumba ya nyuki ilikuwa imegeuka ghala la sumu.

Ipo pia gharama isiyoonekana kwa macho. Dawa huliokoa kundi dhaifu sawasawa na lenye nguvu. Malkia ambaye watoto wake hawajui kujilinda huendelea kutaga mayai, na madume yake huipeleka kasoro hiyo kwa majirani. Wakati huo huo, utitiri unaonusurika na dawa ni ule ulio sugu zaidi. Kwa njia hiyo binadamu, bila kukusudia, humwimarisha adui na kumdhoofisha nyuki.

Yaliyotokea kusini mwa Afrika

Mtaalamu Mike Allsopp alifuatilia kwa miaka kadhaa hali ya nyuki wa Afrika Kusini walioachwa bila dawa, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2006. Nyuki wa Cape walipata uvumilivu dhidi ya Varroa katika muda wa miaka mitatu hadi mitano. Nyuki wa savana, jamaa wa wale wanaopatikana katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, walihitaji miaka sita au saba. Nyuki wa Afrika wana sifa kadhaa zinazowasaidia: vibarua wao hukomaa haraka kidogo, hivyo utitiri hupata muda mfupi wa kuzaa, na huwa wepesi kufungua vyumba vilivyoambukizwa na kuwatoa majana waliomo. Aidha, nyuki wa porini ni wengi kuliko wa mizingani, na hao hakuna aliyewahi kuwatibu.

Historia ya Brazil inaelekeza huko huko. Mwaka 1956 mwanasayansi Warwick Kerr alileta nchini humo malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tanganyika, akitafuta nyuki watakaostahimili joto kuliko wale wa Ulaya. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka karibu na mji wa Rio Claro. Wazao wao walienea kote Amerika ya Kusini na Kati, wakafika Texas mwaka 1990, na ukali wao uliwapa jina la nyuki wauaji. Lakini Varroa ilipoingia Brazil katika miaka ya 1970, nyuki hao wenye damu ya Kiafrika hawakuteketea. Wafugaji wengi wa Brazil hawatumii dawa dhidi ya utitiri huo.

Ulaya na Marekani bila dawa

Huenda mtu akasema kwamba hiyo ni bahati ya nyuki wa Afrika tu. Ushahidi kutoka nchi za baridi unaonyesha kwamba jambo hilo ni pana zaidi.

Mwaka 1978 Thomas Seeley wa Chuo Kikuu cha Cornell alishiriki kuwatafuta nyuki wa porini katika msitu wa Arnot, jimbo la New York. Katika sehemu waliyopekua walipata makundi tisa. Mwaka 2002, miaka 15 baada ya Varroa kuingia Marekani, Seeley alirudi katika msitu huo na kukuta makundi manane, nayo yalikuwa na utitiri. Baadaye wanasayansi walilinganisha vinasaba vya nyuki waliohifadhiwa tangu mwaka 1977 na vya wale wa sasa, na mwaka 2015 wakatoa jibu: karibu koo zote za zamani za upande wa malkia zilikuwa zimetoweka. Maana yake ni kwamba nyuki wa eneo hilo walikufa kwa wingi, kisha waliobaki wakaijaza tena misitu.

Namna ya kuishi kwa nyuki hao inafundisha jambo. Hukaa katika mapango ya miti yenye ujazo wa lita 40 hivi, kila kundi likiwa mbali na jingine, na hugawanyika mara kwa mara. Kundi linapogawanyika hupita siku kadhaa bila majana, na utitiri hukosa pa kuzalia. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016, makundi yaliyowekwa katika mizinga midogo ya lita 42 yalipata utitiri mchache na yalinusurika zaidi kuliko yale yaliyopewa mizinga ya hadi lita 168. Hata hivyo, mizinga mikubwa ndiyo iliyotoa asali nyingi. Mfugaji hapati vyote viwili kwa pamoja.

Nchini Sweden, Ingemar Fries na wenzake waliweka makundi 150 upande wa kusini wa kisiwa cha Gotland mwaka 1999, wakayaacha na utitiri bila dawa yoyote. Katika mwaka wa tatu asilimia 76 ya makundi yaliyokuwapo yalikufa wakati wa baridi, na mwaka wa nne asilimia 57. Kisha vifo vikashuka hadi asilimia 13 katika mwaka wa tano na 19 katika mwaka wa sita. Kwa nyuki waliosalia, utitiri ulizaa kwa shida.

Takwimu hizo zina pande mbili. Zinathibitisha kuwa nyuki anaweza kujenga kinga, na zinaonyesha pia bei ya kinga hiyo. Mtu anayeishi kwa kuuza asali hawezi kupoteza robo tatu ya mizinga yake katika majira mamoja ya baridi na kuendelea na kazi. Seeley mwenyewe, ambaye ni mtetezi wa ufugaji wa asili, anaonya kwamba kuacha dawa si kuacha uangalizi. Kundi lililozidiwa na utitiri lazima liondolewe mapema, ama sivyo litawaambukiza nyuki wa majirani. Anayekataa dawa na kufunga macho humdhuru mwenzake.

Afrika Mashariki

Mwaka 2009 Varroa iligunduliwa nchini Kenya na Tanzania. Wengi walihofia maafa kama yale ya Ulaya, lakini hayakutokea. Watafiti wakiongozwa na Elliud Muli walichunguza maeneo 24 ya Kenya na mwaka 2014 wakaeleza kuwa utitiri ulikuwapo karibu kote, isipokuwa mbali kaskazini, bila kuonekana kudhoofisha makundi ya nyuki. Mabaki ya sumu ndani ya mizinga nayo yalikuwa machache.

Mfugaji wa Tabora au Kitui hakuhitaji kufanya jaribio la Gotland. Mzinga wake wa gogo au wa gome la mti, unaotundikwa juu na kusubiri nyuki waingie wenyewe, uliwaacha nyuki waishi kwa desturi yao: kugawanyika, kuhama msimu wa njaa na kurudi maua yanapochanua. Mzinga huo umeitwa duni kwa miaka mingi, na ni kweli kwamba kurina asali yake ni kazi ngumu na mara nyingi masega na majana huharibika. Lakini kwa kutomruhusu binadamu kuingilia sana, ulihifadhi nguvu ambayo nchi tajiri zinaitafuta kwa gharama kubwa.

Kwa hiyo hatari kwa nyuki wa eneo hilo si utitiri peke yake. Misitu ya miombo hukatwa, na katika mkoa wa Tabora sehemu ya kuni hizo hukausha tumbaku. Dawa za mashambani nazo huongezeka. Tena kuna hatari ya kuwahamisha nyuki ovyo. Mwaka 1990 wafugaji wa Afrika Kusini walipeleka nyuki wa Cape kaskazini, na nyuki hao wakaingia katika mizinga ya nyuki wa savana na kuangamiza maelfu ya makundi. Madhara hayo hayakuletwa na mdudu kutoka ng'ambo, bali na malori ya wafugaji wenyewe.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Mzinga wa kisasa wenye fremu unaweza kumfaa mfugaji wa Afrika Mashariki bila kumlazimisha kununua dawa ambazo nyuki wake hawazihitaji, wala malkia wa kigeni wasio na kinga hiyo. Afrika Kusini na Brazil zimekwisha kuonyesha kwamba hilo linawezekana. Kinga ya nyuki hao ilipatikana kwa vifo vya makundi mengi, na ikipotea kwa uzembe, haitarudi kabla ya kulipiwa upya kwa bei ile ile.