Ushahidi kwa Kiswahili, Alama kwa Kiingereza: Upimaji wa Uandishi wa Wanafunzi Chuoni Dar es Salaam

Chuo kilipoanza mwaka 1961 kikiwa na Kitivo cha Sheria pekee, kilitahini kwa ajili ya shahada za Chuo Kikuu cha London. Pamoja na shahada hizo ilikuja mizani ya kupimia uandishi: insha ya Kiingereza.

Uzito wa urithi huo unadhihirika katika Mradi wa Utafiti wa Majimaji wa mwaka 1968. Wanafunzi wa Historia walikwenda kusini kuwahoji wazee juu ya vita vya 1905–1907, kisha wakaandika taarifa zao kwa Kiingereza. Neno “dawa”, ambalo kwa mzee lilibeba tiba, kinga na kiapo kwa pamoja, lilimfikia msomaji likiwa limepunguzwa. Msomaji huyo aliweza kupima ufasaha wa tafsiri. Uaminifu wake hakuweza kuupima bila kauli ya asili.

Mwaka 1970 Idara ya Kiswahili ilianzishwa, ikafundisha na kutahini kwa Kiswahili. Tangu hapo mizani ikawa miwili chini ya paa moja. Katika idara hiyo, istilahi iliyokosewa ilikuwa kosa la hoja. Kwingineko, lugha huhesabiwa kama vazi la hoja, la kunyooshwa kabla ya tasnifu kujalidiwa.

Hoja yetu ni kwamba tofauti hiyo ni ya kihistoria, si ya kitaaluma. Kwa hiyo, tasnifu yoyote inayotegemea masimulizi inapaswa kuambatisha kauli za asili, na angalau mtahini mmoja awe na uwezo wa kuzisoma.