Simu Bila Muuguzi Haitibu

Mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka vijiji vya Kabazi na Waseges, kaunti ndogo ya Subukia, siku hizi hubeba mkobani mashine ya kupima shinikizo la damu, kipimo cha sukari, kipimajoto na simu ya kunakilia taarifa za kila boma. Serikali ilianza kugawa vifaa hivyo Septemba 2023 kwa wahudumu wapatao 100,000 nchini. Hata hivyo, teknolojia iliingia katika uuguzi wa Kenya mapema zaidi. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Mwaka 2005 shirika la afya la AMREF na Baraza la Wauguzi walianzisha masomo kwa njia ya kompyuta ili wauguzi wa cheti wasomee diploma bila kuacha kazi. Miaka hiyo yote inatufunza jambo moja: mitambo humfaa mgonjwa pale inapomfikisha kwa muuguzi.

Ushahidi mzito ni wa utafiti wa WelTel, uliofanyika kati ya 2007 na 2009 katika kliniki tatu za Nairobi na Kajiado, na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010. Wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za kukabili virusi vya Ukimwi (ARV) waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitumiwa na muuguzi arafa ya neno moja kila wiki: “Mambo?” Mgonjwa alijibu “Sawa” au “Shida”. Aliyesema ana shida, au aliyenyamaza siku mbili, alipigiwa simu. Baada ya mwaka, asilimia 62 ya kundi hilo walisema wanafuata dawa ipasavyo, dhidi ya 50 ya wenzao. Arafa yenyewe haikutaja virusi wala dawa, kwa hiyo hata jirani akiisoma, siri ya mgonjwa haikufichuka.

Yupo atakayepinga akisema arafa za upande mmoja pia husaidia. Ni kweli: huko Chulaimbo, karibu na Kisumu, vikumbusho vya kila wiki visivyohitaji jibu vilisaidia. Lakini vya kila siku havikufua dafu, na nchini Kamerun ujumbe wa kila wiki haukuleta tofauti. Wingi wa ujumbe, basi, si tiba. Wengine watasema wauguzi wamelemewa tayari, hawana muda wa kupiga simu. Hoja hiyo ina uzito, ila mpango wa “Mambo?” haukumtaka muuguzi ampigie kila mtu: waliojibu “Sawa” hawakuhitaji kupigiwa, na muuguzi akabaki na wenye shida na walionyamaza.

Kaunti ya Nakuru inapopanga bajeti ya simu na intaneti za vituo vya Subukia, na itenge pia mshahara wa muuguzi wa kujibu. Haja hiyo si ya wanaotumia ARV pekee: mama wa Waseges aliyefundishwa dalili za hatari za ujauzito kwa arafa lazima apate mtu wa kumuuliza usiku dalili hizo zinapomjia.