Neno kwa neno? Swali la Ngidi bado linatudai jibu

JUZI nilikuwa ndani ya matatu, mhubiri akasimama katikati ya viti na kutuhimiza tuichukue Biblia neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Kijana aliyeketi nyuma akamuuliza, "Pasta, neno la lugha gani?" Abiria wakaangua kicheko. Mimi sikucheka sana. Swali lile lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya hapa hapa Afrika.

Wako wanaodhani kwamba ubishi huu uliletwa na wanasayansi wa Ulaya juzijuzi. Sivyo. Mwanzoni mwa karne ya 5, Augustine, askofu wa Hippo, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita Algeria leo, aliandika kitabu kizima kuhusu maana halisi ya Mwanzo. Humo alikataa kuzihesabu siku sita za uumbaji kama siku zetu za kawaida. Hakuna aliyemwita kafiri kwa hilo.

Lakini kisa ninachotaka tukitafakari ni cha Natal, Afrika Kusini. John William Colenso alihamia huko mwaka 1855 akiwa askofu wa Kianglikana. Kwao Uingereza alijulikana kwa hisabati, na vitabu vyake vya hesabu vilisomwa sana shuleni. Alijifunza Kizulu, akatunga sarufi, akatoa kamusi mwaka 1861, kisha akajitosa kuifasiri Biblia. Mfasiri wa lugha ya wenyewe hawezi kufanya kazi peke yake. Mmoja wa waliomsaidia alikuwa Mzulu aitwaye William Ngidi.

Walipofika kwenye habari za Nuhu na gharika, Ngidi alitua. Akauliza: haya yote ni kweli? Wanyama wote walitoka nchi za joto na za baridi wakaingia wawili wawili? Na Nuhu aliwakusanyia chakula wote, hata ndege na wanyama walao nyama?

Basi hapo askofu alibanwa. Alikuwa amesoma jiolojia, naye alijua kwamba huko Ufaransa kuna vilima vya volkano vyenye majivu mepesi ambayo gharika ya dunia nzima ingeyazoa yote. Je, amjibu mwenzake ndiyo, na moyoni anajua siyo? Colenso aliona kwamba kufanya hivyo ni kusema uongo kwa jina la Mungu.

Likaja jambo zito zaidi. Katika Kutoka 21 ipo sheria kwamba bwana akimpiga mtumwa wake, na mtumwa akaishi siku moja au mbili kabla ya kufa, bwana haadhibiwi, kwa kuwa mtumwa ni mali yake. Colenso aliandika kwamba msaidizi wake Mzulu alichukizwa mno kusikia maneno hayo yakiwekwa kinywani mwa Mungu yule yule mwenye rehema aliyekuwa akihubiriwa. Hapa suala halikuwa tena ukubwa wa safina. Lilikuwa utu wa binadamu.

Mwaka 1862 Colenso alianza kuchapisha uchunguzi wake wa vitabu vitano vya Musa na kitabu cha Yoshua. Alipiga hesabu kama mwalimu. Watu 70 waliingia Misri. Iweje watoke wanaume zaidi ya 600,000? Makuhani watatu, yaani Haruni na wanawe wawili, wangewezaje kuhudumia sadaka za umati huo? Uingereza ikawaka moto. Watu wakamdhihaki kwamba alienda kumwongoa Mzulu, kumbe Mzulu ndiye aliyemwongoa yeye! Mwaka 1863 askofu wa Cape Town alimhukumu na kumvua cheo. Mwaka 1865 Baraza la Faragha mjini London likaibatilisha hukumu hiyo. Hata hivyo, kanisa la Natal lilibaki limegawanyika.

Tazama vile dhihaka ile ilivyojengwa. Ilichukuliwa kuwa ni aibu kwa Mwafrika kuuliza swali na Mzungu kulisikiliza. Wahenga wetu husema kuuliza si ujinga. Ngidi hakukosa imani. Alitaka tu kujua anachotakiwa kuwaambia watu wake kwa lugha yao.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1926 Agano Jipya lilitoka kwa Gĩkũyũ. Mariamu akaitwa "mũirĩtu". Kwa Wagĩkũyũ wa wakati huo, mũirĩtu hakuwa msichana yeyote tu. Alikuwa msichana aliyekwisha kutahiriwa ila hajaolewa. Asiyetahiriwa aliitwa "kĩrĩgũ". Basi misheni zilipowataka waumini mwaka 1929 waikane tohara ya wasichana, wapinzani walifungua Agano lile lile. Kama mamake Yesu alikuwa mũirĩtu, mnatukataza nini? Wakaongeza: Ibrahimu, Yakobo na Daudi walikuwa na wake wangapi?

Wamisheni waliokuwa wamehubiri "imeandikwa" wakalazimika kueleza muktadha, mila za kale na makusudi ya mwandishi. Na wale waliokuwa wakipinga mafundisho ya wamisheni ndio wakawa watetezi wa neno kwa neno. Ubishi huo, pamoja na ghadhabu ya ukoloni na ardhi, ulizaa makanisa na shule huru za Wagĩkũyũ. Lakini vilevile neno moja la mfasiri likawa ngao ya desturi iliyowaumiza wasichana wengi, ambayo Kenya iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2011.

Neno lenyewe lilikuwa limesafiri mbali. Isaya alitumia neno la Kiebrania lenye maana ya mwanamke kijana. Wafasiri wa Kigiriki wakaweka neno la bikira. Sisi Waswahili tukachukua "bikira" kutoka Kiarabu. Kila kituo kilipunguza kitu na kuongeza kingine.

Najua mtu atasema: tukiacha neno kwa neno, kila mtu si atajisomea apendavyo? Hofu hiyo ina msingi. Ila historia inaonyesha kwamba hata wanaodai kusoma neno kwa neno huchagua: huyu hushika wake wa Daudi, yule hushika siku sita, na karibu hakuna anayeishika ile sheria ya mtumwa. Afadhali tukiri kwamba tunachagua, kisha tueleze kwa nini.

Mhubiri wetu wa matatu hakumjibu yule kijana. Alianzisha wimbo, akapitisha kofia ya sadaka, akashuka.