Klabu za gofu zilivyoanza kutafuta wanachama

Gari la Bagamoyo likishapita Bunju na Tegeta, kabla ya kufika Mwenge, hupita kando ya kambi ya Lugalo. Abiria wengi wanaijua Lugalo kwa hospitali yake ya jeshi. Wachache wanajua kuwa kuna uwanja wa gofu wa mashimo 18, wenye klabu ambayo raia naye anaweza kujiunga nayo.

Raia kukaribishwa kambini acheze gofu na meja ni jambo ambalo lingemshangaza Mwingereza aliyeuleta mchezo huu pwani. Kwake yeye klabu haikutafuta wanachama. Watu ndio walioitafuta klabu, na wengi waliambulia patupu.

Huko Zanzibar, Klabu ya Waingereza ilifunguliwa mwaka 1888, ikawa ya kwanza ya aina yake Afrika Mashariki. Entebbe walianza kucheza gofu mwaka 1901, Nairobi wakapata klabu yao mwaka 1906. Bara kwetu Wajerumani walitawala na starehe zao, mpaka vita vilipowaondoa pwani. Bagamoyo iliangukia mikononi mwa Waingereza Agosti 1916, Dar es Salaam ikafuata Septemba. Klabu ya Gymkhana ya Dar es Salaam huhesabu umri wake tangu mwaka huohuo. Yaani mji haujatulia, vita bado vinaendelea kusini, na tayari watu wanafikiria mahali pa kuchezea.

Utaratibu wa kumpata mwanachama waliuleta kama ulivyokuwa kwao. Anayetaka kuingia hajitafutii mwenyewe nafasi. Sharti mwanachama ampendekeze na mwingine amuunge mkono. Jina lake hubandikwa ubaoni ili kila anayepita alione. Kisha kamati hukaa. Katika klabu nyingi za Kiingereza kura ilipigwa kwa gololi zilizotumbukizwa ndani ya kisanduku: nyeupe ya kukubali, nyeusi ya kukataa. Gololi nyeusi chache zilitosha kumzuia mtu, na aliyeitumbukiza hakuulizwa sababu. Ukivuka hapo ndipo unalipa kiingilio, halafu ada ya kila mwaka. Katika Dar es Salaam ya kikoloni, iliyogawanywa uzunguni, uhindini na uswahilini, wengi hawakufika hata kwenye gololi. Wagoa walikuwa na klabu yao, jamii nyingine za Kihindi nazo zilikuwa na zao, na Mwafrika aliingia uwanjani kwa kazi ya kufyeka majani au kubeba mkoba wa fimbo.

Ajabu ni kwamba umbali mfupi tu kutoka hapo, watu wa pwani walikuwa mabingwa wa kusajili wanachama. Vyama vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vilishindana kwa sare, bendi na karamu, na karamu haipikwi na watu watatu. Kila chama kilihitaji umati. Chambo chao kilikuwa vyeo: mtu aliyekuwa tarishi mchana aliweza kuwa gavana, jenerali au hata mfalme jioni. Sisemi beni hawakubagua. Marini walijisifu kwa ustaarabu na kuwadharau Arinoti kama watu wa chini. Lakini aliyedharauliwa huku alipokelewa kule, tena kwa matarumbeta. Klabu ya soka ya Yanga, iliyoanza mwaka 1935, ilikua kwa watu wa mitaani. Na chama cha TANU kilipotaka wanawake katikati ya miaka ya 1950, Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha Bomba, alikwenda moja kwa moja kwenye vikundi vya ngoma, maana huko wanawake walikuwa tayari wamejipanga na viongozi wao.

Klabu za gofu hazikuhitaji ujuzi huo kwa sababu zilipata uhai kwa uchache wa watu wake. Uhuru ulipofika, wateja wake wa asili wakaanza kufunga mizigo. Kenya pengo hilo lilizibwa haraka na maofisa na wafanyabiashara Waafrika. Mwai Kibaki, aliyekuja kuwa rais, alijulikana kwa mapenzi yake ya gofu. Kwetu Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwabana viongozi wasijilimbikizie mali, na kiongozi mwenye akili hakutaka kuonekana Jumamosi asubuhi akifuatwa na kijana aliyembebea fimbo.

Ndiyo maana habari ya Lugalo inanivutia. Kambi hiyo zamani iliitwa Colito, na hapo ndipo maasi ya wanajeshi yalipoanzia usiku wa kuamkia Januari 20, 1964. Askari walidai mshahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Jeshi lile lilivunjwa, JWTZ ikaundwa Septemba mwaka huohuo, na kambi ikapewa jina la mahali Uhehe ambapo majeshi ya Mkwawa yalimuua kamanda wa Kijerumani Zelewski mwaka 1891. Katika ardhi yenye historia hiyo, Jenerali George Waitara, Mkuu wa Majeshi kuanzia 2001 hadi 2007, ndiye aliyeasisi gofu ya jeshi. Shindano la Waitara linalochezwa hapo limebeba jina lake, na kombe la Mkuu wa Majeshi limekuwa likidhaminiwa na benki ya NMB.

Udhamini wa benki una maana yake. Shindano ni tangazo la klabu: mgeni anaalikwa, anapiga mikwaju yake, anakula nyama choma, anakutana na mtu wa benki na wa bima, na akirudi mara ya tatu anaulizwa kama hataki fomu. Klabu kongwe duniani nazo zimelazimika kulegeza kamba. Ile ya Royal and Ancient ya St Andrews, ya tangu 1754, ilipiga kura kukubali wanawake Septemba 2014 tu. Wakati huo Madina Iddi wa Arusha alikuwa tayari mchezaji wa kutajwa.

Hata hivyo, wapo waliokuwa ndani ya uzio siku zote bila kuitwa wanachama, nao ni makedi, wabeba mikoba ya fimbo. Kedi ndiye anayejua kusi likivuma mpira utapelekwa wapi, na nyasi ipi inadanganya macho karibu na shimo. Bingwa wa gofu Seve Ballesteros alianza hivyo kule Pedreña, Hispania: akiwa mtoto alijifunza kwa fimbo moja kwenye mchanga wa ufukweni, kwa kuwa makedi walizuiwa kucheza uwanjani. Mwaka 1978 alitwaa ubingwa wa Kenya Open, Nairobi. Kenya na Tanzania zote zina wachezaji wa kulipwa waliotokea kwenye kubeba mikoba.

Kwa hiyo sipendezwi sana na ofa za klabu kwa makampuni, punguzo la kiingilio kwa mameneja watano watakaohamishwa baada ya miaka miwili. Mtoto wa Kaole, karibu na Bagamoyo, anayecheza mpira mchangani maji yakipwa hana wa kumpendekeza wala wa kumuunga mkono, na seti ya fimbo huagizwa kutoka nje kwa bei isiyomfaa mzazi mvuvi. Kamati inaweza kumpangia saa za mazoezi, imuazime fimbo zilizoachwa na wanachama wakubwa, na kumwekea ada ya kijana. Kedi aliyefanya kazi hapo miaka kumi naye asidaiwe kiingilio cha mgeni.