Vyama vya Udada katika Chuo Kikuu cha Howard

Vyama vya wanafunzi wa Marekani vyenye majina ya herufi za Kiyunani hudhaniwa na wengi kuwa ni vya ngoma na karamu tu. Historia ya Howard, chuo kikuu kilichoasisiwa mjini Washington mwaka 1867 na kusomesha hasa Wamarekani Weusi, yaonyesha vingine.

Mwaka 1908 wanafunzi wa kike waliunda huko Alpha Kappa Alpha, chama cha kwanza cha namna hiyo cha wanawake weusi. Baadaye ukazuka mzozo: baadhi yao walitaka kubadili jina na kushika mambo ya siasa, wenzao wakakataa. Tarehe 13 Januari 1913 wasichana 22 walianzisha Delta Sigma Theta. Siku 16 baadaye wale wengine wakakiandikisha chama chao kisheria, ili kisipate kugeuzwa.

Tarehe 3 Machi Delta waliandamana mjini kudai kura ya wanawake, ijapokuwa baadhi ya waandalizi walitaka watu weusi wafuate nyuma. Kura iliruhusiwa mwaka 1920, lakini katika majimbo ya kusini wanawake weusi wengi walizuiliwa mpaka mwaka 1965. Ndipo udada ulipokuwa kazi ya maisha, wala si mchezo wa ujana.