Frasila, Pishi na Bei Iliyofichika

Bei ya karafuu na pembe za ndovu katika Unguja ya karne ya 19 ilitajwa kwa reale kwa kila frasila. Msomaji wa leo akizikuta hesabu hizo hutaka kuzigeuza mara moja ziwe fedha kwa kilo, kisha alinganishe mwaka huu na ule. Namsihi asubiri. Kabla ya kugawanya, lazima ajue frasila ile ilipimwaje.

Frasila ya Unguja ilihesabiwa kuwa ratili 35, na mahali pengine 36. Ratili ilikuwa na wakia 16, na wakia ilikuwa uzito wa reale moja ya Maria Theresa, ile sarafu ya fedha yenye mwaka 1780 usiobadilika, gramu 28 na ushei. Mfumo huu naustahi sana: sarafu iliyolipia mzigo ndiyo iliyoweza kuwekwa kwenye mizani kuupima. Reale 16 zilitoa gramu 449 hivi, pungufu kidogo tu ya ratili ya Kiingereza.

Sasa tuseme frasila iliuzwa reale 5. Reale ilipokwenda kwa rupia 2 na anna 2, bei hiyo ni rupia 10 na anna 10, yaani anna 170, kwa kuwa rupia ilikuwa anna 16. Kwa frasila ya ratili 35, ambayo kwa ratili ya Kiingereza ni kilo 15.9, kilo moja inakuja anna 10.7. Kwa ratili 36 inashuka hadi 10.4. Ni tofauti ndogo kwa mnunuzi wa kikapu kimoja, lakini katika shehena ya frasila 10,000 hesabu hizo mbili zinapishana ratili 10,000, karibu tani nne na nusu za karafuu. Mtafiti anayechagua 35 au 36 bila kusema, amezitia au amezitoa tani hizo kwa kalamu yake.

Nafaka ilikuwa na ugumu wake. Vibaba 2 ni kisaga, visaga 2 ni pishi, pishi 60 ni jizla. Kwa mchele, pishi ilikadiriwa ratili 6, hivyo jizla moja ikalingana na frasila 10 za ratili 36. Hesabu inakaa sawa kabisa, ila kibaba ni kipimo cha ujazo, si cha uzito. Kulikuwa na kibaba cha mfuto, kilichopanguswa juu kikawa sawa na ukingo, na kibaba cha tele, kilicholundikwa mpaka kikachongoka. Bei ya kibaba ingeweza kubaki ileile mwaka mzima huku mchele ukipanda, kwa kuwa kilichobadilika ni kile kilichorundikwa juu ya ukingo. Daftari haliandiki kichuguu hicho.

Nguo nayo ilifuata mwili wa mtu: mikono 4 ni shuka, shuka 2 ni doti. Lakini mkono, yaani dhiraa, ulikuwa wa namna mbili: dhiraa kamili iliishia ncha ya kidole cha kati, na dhiraa konde iliishia kwenye ngumi.

Fedha zenyewe hazikutulia. Mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia yao ya Afrika Mashariki katika heller 100 badala ya pesa 64. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, shilingi ikaingia katika nchi za Afrika Mashariki bara zilizotawaliwa na Uingereza. Vipimo navyo vikabadilika: mwishoni mwa miaka ya 1960 nchi zetu zikaanza kuhamia kilo, mita na lita.

Mizani ya kilo imesaidia, wala sitamani turudi nyuma. Hata hivyo mkulima wa viazi au vitunguu bado hutajiwa bei ya gunia, kisha gunia hilo hushonewa kilemba juu ya mdomo wake likawa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi. Wakala wa Vipimo nchini Tanzania umepambana na lumbesa kwa miaka mingi. Bei kwa gunia inaonekana ileile; bei kwa kilo, anayoipata mkulima, imeshuka. Wanaokusanya bei za masoko wangeandika, pembeni mwa kila bei ya gunia, uzito wake ulivyosomwa kwenye mizani siku hiyo, na kama lilishonwa wazi au kwa kilemba.