Kidonda Kisichopona: Zifahamu Tofauti za Aina Mbili za Saratani ya Ngozi

Kidonda kidogo kwenye sikio, mdomo au shingo huweza kudhaniwa kuwa ni mchubuko wa kawaida, kikapakwa dawa kwa miezi kadhaa bila kupona. Kwa baadhi ya watu, hususan wenye ualbino, kidonda cha namna hiyo huweza kuwa saratani ya ngozi, ugonjwa ambao mara nyingi hupona kabisa iwapo utagunduliwa mapema.

Saratani za ngozi hugawanywa katika makundi mawili. La kwanza ni melanoma, inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. La pili ni saratani zisizo za melanoma, ambamo aina mbili hutajwa zaidi: saratani ya seli za basali na saratani ya seli za skwamasi. Zote huanzia katika tabaka la juu la ngozi na huchochewa na mionzi ya jua, lakini hutofautiana kwa sura, kasi na hatari.

Saratani ya seli za basali

Seli za basali zipo chini kabisa ya tabaka hilo. Saratani yake kwa kawaida huanza kama kinundu laini kinachong'aa mithili ya lulu, mara nyingi usoni, chenye vishipa vyembamba vya damu juu yake. Baadaye sehemu ya katikati hubonyea, huvuja damu, hufunga kigaga na kufumuka tena. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, kinundu hicho aghalabu huwa na rangi nyeusi au kahawia, hivyo ni rahisi kukichukulia kuwa ni baka la kawaida.

Aina hii hukua polepole na ni nadra kusambaa mwilini. Hata hivyo, ikiachwa huendelea kuila ngozi, nyama na hata mfupa, na inaweza kuharibu pua au jicho.

Saratani ya seli za skwamasi

Hii hutokana na seli bapa zilizo juu ya zile za basali. Huonekana kama baka gumu lenye magamba au kinundu kinachokwaruza, kisha hugeuka kidonda chenye kingo ngumu zilizoinuka, kinachotoka damu kwa urahisi na wakati mwingine kuuma. Inaweza kukua ndani ya wiki au miezi michache.

Hatari yake kubwa ni kusambaa hadi kwenye tezi za shingo, kwapa au kinena, kisha viungo vya ndani kama mapafu. Ile inayoota kwenye mdomo au sikio huhitaji uangalizi wa karibu zaidi.

Walio katika hatari

Kwa watu weupe wa Ulaya na Australia, saratani ya seli za basali ndiyo inayoongoza. Kwa watu wenye ualbino barani Afrika, ya seli za skwamasi ndiyo hutokea zaidi, hasa kichwani na shingoni, kwa kuwa ngozi yao haina rangi ya kutosha kuikinga dhidi ya jua. Waafrika wasio na ualbino nao hawajasalimika: aina hiyo huweza kuota juu ya kovu la zamani la moto au kidonda sugu cha mguu.

Uchunguzi, tiba na kinga

Macho pekee hayatoshi kuthibitisha ugonjwa. Daktari huchoma sindano ya ganzi, hukata kipande kidogo cha ngozi na kukipeleka maabara. Tiba kuu ni upasuaji, na baadhi ya wagonjwa hupewa mionzi. Nchini Tanzania, Hospitali ya KCMC mjini Moshi hutoa huduma za kibingwa za ngozi, na Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam hutoa tiba ya mionzi.

Wananchi wanashauriwa kufika kituo cha afya pale kidonda au uvimbe wa ngozi unapodumu zaidi ya wiki 4, au kovu la zamani linapoanza kufumuka. Watu wenye ualbino wanahimizwa kuvaa kofia pana na nguo za mikono mirefu, kupaka losheni ya kukinga jua, kuepuka jua kali kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, na kukaguliwa ngozi mara kwa mara hata wasipoona dalili yoyote.